Ufunguo wa flati upi kwa wimbo wako wa kwaya: F, B♭, E♭, A♭ au D♭?

Mwalimu wa kwaya aliyekulia kwenye solfa (do, re, mi) anaweza kutunga wimbo mzima, sauti zote nne, bila kuumiza kichwa kuhusu do iko wapi. Juu ya karatasi anaandika "Do ni F", basi, yaliyobaki ni ya mpiga kinanda. Shida huanza siku wimbo unapohamishiwa kwenye mistari mitano, au matarumbeta yanapoalikwa kwenye sherehe ya jimbo, au kijana wa gitaa anapouliza ufunguo na kujibiwa "A♭". Hapo kila mtu anaanza kuhesabu flati (alama ♭, zinazoshusha noti nusu toni), na mara nyingi wimbo unaishia kwenye F au C kwa sababu tu hizo zina alama chache.

Kuhesabu flati ni kipimo kibovu. Kinamfaa anayeanza kujifunza kinanda na nota kwa pamoja, hakimfai mwingine. Mwimbaji wa solfa haoni tofauti kati ya flati moja na tano. Kwake do ni do. Mpiga tarumbeta anaziona flati tatu kuwa starehe. Cha kutazama ni mambo mawili: do inakaa wapi ndani ya wimbo wenyewe, na nani atausindikiza. Nitazilinganisha funguo tano kwa vigezo hivyo, na G♭ na C♭ nitazigusa kwa kuwa zipo, ingawa karibu hazitakuhusu.

Kwanza, kuzitambua

Flati huja kwa foleni isiyobadilika: B, E, A, D, G, C, F. Ufunguo wa flati mbili una B♭ na E♭, hauwezi kuwa na B♭ na A♭. Ukiona tatu, ya tatu ni A♭ tu. Hesabu ni hii: F ina moja, B♭ mbili, E♭ tatu, A♭ nne, D♭ tano, G♭ sita, C♭ saba.

Vitabu vingi hufundisha kwamba jina la ufunguo ni flati ya pili kutoka mwisho. Ni kweli, ila kanuni hiyo haifanyi kazi kwenye F, yenye flati moja, kwa hiyo F hubidi ikaririwe peke yake. Mtu wa solfa ana njia bora isiyo na ubaguzi: flati ya mwisho ni fa. Chukua flati nne, B♭, E♭, A♭, D♭. Ya mwisho ni D♭, ndiyo fa; shuka mi ni C, re ni B♭, do ni A♭. Kwa flati moja, fa ni B♭, ukishuka unafika F. Sijui kwa nini njia hii haifundishwi zaidi Afrika Mashariki, ambako solfa ya akina Curwen wa Uingereza imeota mizizi kuliko nota zenyewe.

Sababu yake iko kwenye umbali wa mi na fa. Anza F kwenye kinanda, panda kwa vibonye vyeupe vitupu: F, G, A zinakaa vizuri kama do, re, mi. Ukigusa B sikio linakataa, kwa sababu A na B zimeachana toni nzima ilhali mi na fa zinatakiwa kuachana nusu toni. B inashushwa kuwa B♭ na ngazi inakaa sawa. Sasa ifanye hiyo B♭ iwe do mpya. C ni re, D ni mi, na tatizo lile lile linajitokeza kwenye E, nayo inashushwa. Kila fa unayoishusha ndiyo do ya ufunguo unaofuata, na foleni inajipanga yenyewe.

Kuna hesabu nyingine itakayokusaidia unapoinua au kushusha wimbo kwa nusu toni: ufunguo wa herufi moja, wenye flati na usio na flati, alama zao zikijumlishwa huwa saba. D ina shapu 2 (alama ♯, zinazopandisha noti nusu toni), D♭ ina flati 5. E ina shapu 4, E♭ flati 3. A ina 3, A♭ ina 4. B ina 5, B♭ ina 2.

Do iko chini au iko katikati?

Hili ndilo swali linaloamua zaidi ya yote, na ndilo watunzi wengi huliruka. Chukua sauti ya kwanza ya wimbo wako, tafuta noti ya chini kabisa na ya juu kabisa. Nyimbo nyingi zitaangukia kwenye moja ya mafungu mawili: zile zinazotembea kati ya do na do ya juu, na zile zinazozunguka do, kuanzia so ya chini hadi so ya juu.

Waumini wa kawaida, akina mama na watoto wakiongoza na wanaume wakiimba oktava moja chini, wanastarehe kati ya B♭ iliyo chini tu ya C ya katikati na D ya mstari wa nne. E♭ ya nafasi ya nne wanaifikia wakiwa wamechangamka. F ya mstari wa juu ni ya soprano waliofanya mazoezi. Ukiwapa waumini saa moja asubuhi, watanyamaza au watashuka oktava.

Kwa fungu la kwanza, la do hadi do, F inakupeleka mpaka hiyo F ya juu. Kwaya itaweza, kanisa zima halitaweza. E♭ inafaa vizuri sana: inaanzia mstari wa kwanza na kuishia nafasi ya nne, na mwisho wa juu una mng'ao bila kupiga kelele. D♭ ni toni nzima chini yake, na inakuachia nafasi ya kuruka hadi re ya juu pale kiitikio kinapotaka kupaa. Wimbo unaovuka do ya juu mpaka mi ya juu uweke B♭, ukianzia B♭ ya chini ya C ya katikati; mi ya juu itakuwa D ya mstari wa nne, ambayo kila mtu anaimudu. Enoch Sontonga alipotunga mwaka 1897 wimbo ambao Tanzania inauimba kama Mungu Ibariki Afrika, aliuweka kwenye B♭.

Kwa fungu la pili mambo yanageuka. F, iliyokuwa juu mno, sasa inatembea kuanzia C ya katikati hadi C ya nafasi ya tatu, mahali pa utulivu panapofaa wimbo wa komunyo au wa kuombea marehemu. A♭ inaanzia E♭ hadi E♭, ikiwa na nguvu zaidi, na kwangu ndiyo ufunguo wa flati unaodharauliwa bila kosa. Watu wanaziona flati nne wanakimbilia G. Si kosa kwenda G. Ina shapu moja na iko nusu toni tu chini, na kama msindikizaji ni gitaa pekee, nenda huko bila kusita. Lakini pakiwa na tarumbeta, A♭ inakuwa na maana, kama tutakavyoona. B♭ kwa fungu hili ni ya kwaya pekee, kwa sababu so ya juu inagonga ile F ya mstari wa juu.

Usiwasahau besi. Mwisho wa nyimbo nyingi besi wanatoka so kwenda do, na hapo funguo hizi zinatofautiana sana. Kwenye B♭ wanashuka kutoka F hadi B♭ ya mstari wa pili, sauti ambayo hata besi wa kawaida anaitoa kwa kifua kizima. A♭ nayo ni hivyo hivyo, kutoka E♭ hadi A♭ ya nafasi ya kwanza. Kwenye E♭ na D♭ wanapanda, kutoka B♭ au A♭, na mwisho unakuwa imara. F ndiyo yenye kero: kutoka C ama wapande hadi F ya mstari wa nne, ambayo inasikika kama tenor wa pili, ama washuke hadi F iliyo chini ya mistari, ambayo besi wengi wa parokia hawana. Waandike wawili wawili, wenye uwezo chini na wengine juu, au ukubali kwamba mwisho wako kwenye F utakosa sakafu.

Nani anasindikiza?

Tarumbeta ya kawaida na saksafoni ya tenor ni ala za B♭: mpigaji akisoma C, inayosikika ni B♭. Saksafoni ya alto ni ya E♭. Kwa hiyo wimbo wa flati ukifika kwao unapungukiwa na flati, ilhali wimbo wa shapu unaongezewa shapu. Jedwali hili linaonyesha kila mmoja atasoma nini. Kapo ya gitaa (kibanio cha shingoni kinachopandisha nyuzi zote; namba ni nafasi inapobanwa) nimeiweka pamoja na umbo la kordi atakalolishika mpigaji.

| Ufunguo wa wimbo | Tarumbeta ya B♭ | Saksafoni ya alto | Gitaa |
|---|---|---|---|
| F (flati 1) | G, shapu 1 | D, shapu 2 | kapo 1 umbo la E, au kapo 3 umbo la D |
| B♭ (flati 2) | C, bila alama | G, shapu 1 | kapo 1 umbo la A, au kapo 3 umbo la G |
| E♭ (flati 3) | F, flati 1 | C, bila alama | kapo 1 umbo la D, au kapo 3 umbo la C |
| A♭ (flati 4) | B♭, flati 2 | F, flati 1 | kapo 1 umbo la G |
| D♭ (flati 5) | E♭, flati 3 | B♭, flati 2 | kapo 1 umbo la C |
| G♭ (flati 6) | A♭, flati 4 | E♭, flati 3 | kapo 2 umbo la E |

Linganisha na jirani zao wa shapu. Wimbo wa E, ambao mpiga gitaa anaupenda, unampa mpiga tarumbeta shapu 6 na alto shapu 7. Ushushe nusu toni kuwa E♭, nao wanabaki na flati moja na patupu, huku mpiga gitaa akihitaji kapo tu. Ndiyo maana nikisikia kwaya yenye bendi ya matarumbeta inataka kuimba kwa E au A, nauliza kwanza kama E♭ au A♭ haitoshi. Mwimbaji hatalalamika kwa nusu toni.

Tahadhari moja kabla hujawaandikia nakala zao. Katika mapokeo ya Kijerumani ya kwaya za matarumbeta, yaliyoambatana na misheni za Kilutheri, mwenye tarumbeta ya B♭ husoma sauti halisi inayosikika, hasomi iliyohamishwa. Kwake B♭ ni ile noti anayoipiga bila kubonyeza kitu. Aliyefundishwa jeshini au shuleni kwa kawaida husoma iliyohamishwa. Uliza kabla, vinginevyo utapata toni nzima ya tofauti mbele ya askofu.

Fidla zinataka kitu kingine. Nyuzi zake nne, G, D, A na E, zikipigwa wazi zote zimo ndani ya F. Kwenye B♭ zinabaki tatu, kwenye E♭ mbili, kwenye A♭ moja, na kwenye D♭ hakuna hata moja. Ala inapopoteza nyuzi wazi sauti inafifia kidogo na vidole vinakosa pa kupumzika. Kama usindikizaji wako ni fidla na kinanda bila tarumbeta, F na B♭ zina haki ya kuchaguliwa kwanza.

Kinanda ndiko idadi ya flati inakodanganya zaidi. D♭ inatisha kwa macho lakini mkononi ni laini: vidole virefu vinalala juu ya vibonye vyeusi vitano, na dole gumba linaangukia F na C, vyeupe viwili tu vilivyomo. Chopin, mtunzi na mwalimu wa piano, alikuwa akiwaanzisha wanafunzi wake kwa ngazi ya B, yenye shapu tano, kwa sababu hiyo hiyo ya umbo la mkono, na C isiyo na kibonye cheusi hata kimoja aliiona ngumu kwa kidole. Kwa hiyo mpiga kinanda akikukatalia D♭, muulize kama tatizo ni kusoma au ni kupiga. Ni la kusoma karibu mara zote, na la kusoma hutibiwa kwa majuma machache.

Najua utaniambia kuhusu kitufe cha kuhamisha ufunguo. Kinanda cha umeme kinakubali: unapiga C, inasikika D♭. Sina ugomvi nacho siku ya dharura. Tatizo ni kwamba aliyezoea kitufe hicho hawezi kuzungumza na wenzake. Yeye anataja C, tarumbeta inataja E♭, gitaa linataja kapo, na mazoezi yanakuwa ya kutafsiri. Tena ukikutana na kinanda cha mabomba au hamoniamu ya zamani, kitufe hakipo.

Hadithi ya rangi za funguo

Utasoma mahali kwamba A♭ ni ya joto na D♭ ni ya ndoto. Mjerumani Christian Schubart aliorodhesha tabia za funguo zote, maandishi yake yakachapishwa mwaka 1806: E♭ aliipa upendo na mazungumzo na Mungu, akizihusisha flati zake tatu na Utatu Mtakatifu, na A♭ akaiita ufunguo wa kaburi. Inapendeza kusoma. Ila kinanda chako cha umeme kina nusu toni zilizo sawa katika kila ufunguo, na wimbo wa Pasaka kwenye A♭ hautamzika mtu. Tofauti unayoisikia inatoka kwenye kimo cha sauti na kwenye ala.

G♭ na C♭

G♭ ina flati 6, na F♯ yenye shapu 6 ni vibonye vile vile. Ukilazimika, chagua kwa kuangalia ala: pakiwa na tarumbeta andika G♭, kwa sababu F♯ ingemdai mpigaji G♯, ufunguo ambao hauandikiki kwa alama za kawaida. Pakiwa na magitaa na fidla, F♯. Woga wa ufunguo huu si wa leo. Schubert alipotunga kipande chake cha piano, Impromptu ya tatu katika opus 90, kwa G♭, mchapishaji aliyekitoa mwaka 1857, baada ya mtunzi kufariki, alikihamishia G ili kiuzike. C♭, yenye flati zote saba, ina rafiki mmoja wa kweli: kinubi cha okestra, ambacho pedali zikiwa zote juu nyuzi zake ziko hasa kwenye C♭. Wewe andika B.

Nyimbo za la

Kwa nyimbo za huzuni, zinazotulia kwenye la, alama ni zile zile: F inazaa D ndogo, B♭ inazaa G ndogo, E♭ inazaa C ndogo, A♭ inazaa F ndogo. Kuna tofauti moja ndogo inayowasumbua wasomaji wapya. So inapopandishwa kuelekea la, kwenye D ndogo unaandika C♯ na kwenye G ndogo F♯, yaani shapu ndani ya ufunguo wa flati. Kuanzia C ndogo na kuendelea alama hiyo ni ya naturali, inayofuta flati: B inarudishwa, au E kwenye F ndogo. Kwa kwaya inayoanza kusoma nota, C ndogo mara nyingi inaeleweka kuliko G ndogo, japo ina flati zaidi. Kwa waumini, wimbo wa la hadi la ukae D ndogo ukitaka nguvu, au C ndogo ukitaka unyenyekevu.

Nikiambiwa nichague

Kwaya yenye matarumbeta na wimbo wa do hadi do: E♭, bila mjadala mrefu. Wimbo unaoizunguka do, kwa ala zile zile: A♭. Kinanda peke yake na waumini wanaoimba kwa utulivu: F kwa fungu la pili, D♭ kwa fungu la kwanza, hata kama mpiga kinanda atanuna. B♭ naiwekea nyimbo zinazovuka oktava, na maandamano ya tarumbeta tupu.

Fikiria pia beti la mwisho, maana kwaya zetu hupenda kulipandisha. Kupanda nusu toni kutoka E♭ kunakutupa kwenye E, pale pale ulipokuwa unakimbia. Panda toni nzima: D♭ inakwenda E♭, E♭ inakwenda F, A♭ inakwenda B♭, na flati zinapungua mbili kila mara, kwa hiyo beti gumu zaidi kwa koo linakuwa jepesi zaidi kwa macho. Ukishajua utapanda, anza chini: wimbo uliotaka E♭ uanzishe D♭ ili mwisho wake usipite uwezo wa soprano.

Ukibaki unasita kati ya funguo mbili, usiulize soprano, wao watataka ya juu. Waite besi na tenor kwenye mazoezi, waimbe mistari minne ya mwisho kwa zote mbili, kisha mpe mpiga tarumbeta ngazi ya kila moja aipige mara moja. Ile ambayo besi wanaifunga bila kukohoa ndiyo ya kuandika juu ya nakala, pamoja na neno la kando kwa wapiga ala: sauti halisi, au iliyohamishwa.